Kumtafsiria Mama Mkubwa Mumewe

Malindi ukijua Kitaliano hakuna atakayekushangaa. Muuza maembe anakijua, fundi wa cherehani anakijua, na wako vijana wa ufuoni wanaogombana kwa Kitaliano wao kwa wao, hata pasipokuwa na mgeni wa kuwasikia. Kichina ndicho kilichokuwa ajabu. Mtaani kwetu tulikuwa watu wawili tu wenye kukijua: mimi niliyekwenda kukisomea, na mume wa mama yangu mkubwa aliyezaliwa nacho.

Alikuja pwani angali kijana kupika katika hoteli moja ya Watamu. Akamwona mama mkubwa, akasilimu, akamwoa, akahamia Malindi, na kwao hakurudi tena ila kuzika. Sisi watoto tulimwita baba mkubwa kama ilivyo ada. Alipoacha hoteli alifungua mkahawa mdogo karibu na soko, akauza supu ya tambi yenye kaa wa Dabaso. Watu wa Malindi waliipenda supu ile kwa masharti yao wenyewe, yaani waliitia ukwaju na pilipili mpaka mwenyewe akawa haitambui. Hakukasirika. Kiswahili alikisema taratibu na kwa ufasaha, na wakianza kutaniana na mama mkubwa usingejua nani ndiye mzaliwa wa hapa.

Kisha akapatwa na kiharusi. Alilazwa Kilifi, na kwa rehema za Mungu mguu ukarudi, mkono ukarudi, na hamu ya kula haikuondoka hata siku moja. Kilichoondoka ni Kiswahili. Aliamka na Kichina peke yake, tena si hiki nilichofundishwa mimi darasani, bali cha milimani kwao, alichokisema kabla hajaota meno ya pili. Ukimwambia njoo, alikuja. Ukimwambia kula, alikula. Lakini sisi tulidhani anaufuata mkono zaidi kuliko neno.

Na kila alasiri aligeuza kiti chake kumwelekea mama mkubwa, akaanza kumsomea kitu. Sisemi kuzungumza. Ilikuwa ni kusoma, kwa ghibu, kwa sauti ya chini yenye mapigo, kifungu kwa kifungu, huku akimtazama usoni. Akifika mbali kidogo hunyamaza, akatikisa kichwa, akarudi mwanzo.

Mtaa ulikuwa na maelezo tayari. Jirani wa ukuta mmoja alisema ni jini aliyemfuata kutoka kwao, na akapendekeza asomewe Kurani. Jirani wa upande wa pili, Mgiriama wa Marafa aliyeokoka, alikataa katakata habari za jini. Yeye alisema huko ni kunena kwa lugha.

"Kanisani kwetu mtu akinena, mwingine hukaa kando akafasiri," alisema, kisha akanitazama mimi. "Mulungu hampi mtu lugha bila kumpa mfasiri."

Mama mkubwa hakutaka jini wala kunena. Aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Sikiza, mwanangu. Mimi nimekaa na mtu huyu umri wangu mzima. Tumegombana, tumecheka, tumelea. Leo kila siku ananambia jambo, na mimi namkodolea macho tu kama mgeni aliyepotea njia. Wewe umesomeshwa Kichina. Nambie mume wangu ananambia nini, nipate kumjibu. Sina haja nyingine."

Mimi ni mtu wa kupenda sifa, na hasira zangu ziko karibu. Nayasema haya mapema ili nisije nikaulizwa baadaye. Nilikubali hata kabla hajamaliza. Ukweli ni kwamba Kichina changu kilikuwa cha kujenga barabara. Niliporudi masomoni niliajiriwa kuwa mkalimani wa kampuni moja ya ujenzi, na kwa miaka kadhaa maneno yaliyopita kinywani mwangu yalikuwa kokoto, lami, zamu ya mchana, na nani kaiba dizeli. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza habari za saruji, ningekujibu kwa lugha tatu. Mambo ya roho hayakuwahi kuletwa pale kambini.

Siku ya kwanza nilikaa mkekani karibu na kiti chake, simu mkononi ikirekodi. Niliambulia maneno mawili. La kwanza lilikuwa maji.

"Maji?" Mama mkubwa aliinuka mbio. "Masikini, siku zote hizi ana kiu!"

Akamletea maji ya mtungini. Baba mkubwa aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa yote kwa adabu, akarudisha kikombe, akaanza tena mwanzo. Neno la pili lilikuwa mlango. Mama mkubwa alikwenda kuufunga. Baba mkubwa akautazama mlango uliofungwa, akamtazama mkewe, akaanza tena mwanzo. Nilimwomba mama mkubwa akae chini kabla sijasikia neno la tatu.

Nilimtumia yale niliyorekodi mwalimu wangu wa zamani, bibi mstaafu kule nilikosoma, ambaye kwa bahati naye ni mtu wa milimani. Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa sauti, na kicheko kilitangulia salamu. Alisema hayo si maneno ya mgonjwa. Ni andiko la kale sana la watu wa Njia, wale wanaofundisha kwamba ulimwengu una mwendo wake na mwenye akili hashindani nao. Ni fupi, si lile mashuhuri wanalolijua watu wengi, na katika milima ya kwao mabibi walikuwa wakiwafundisha wajukuu jikoni, moto ukiwaka. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo. Akaniandikia lote kwa herufi zao, na chini ya kila mstari akanieleza maana ya kila herufi.

Swali la kwanza la mama mkubwa lilikuwa fupi. "Anamwomba nani?"

"Haombi. Hakuna kinachoombwa humo wala anayeabudiwa. Ni mawaidha ya kutuliza moyo."

Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, na tangu hapo tukawa washirika.

Sasa nieleze ile kazi ilivyokuwa, maana watu hudhani mtafsiri anachota huku na kumimina kule. Kila mstari ulikuwa na maneno machache yasiyotosha hata kuagizia chai. Kulikuwa na mstari wa kisima. Ndani yake mlikuwa na kisima, na ndoo, na kutofuata, basi. Nani asiyemfuata nani? Jana au kesho? Ni sifa au ni lawama? Mwandishi wa kale alikuwa ameviweka vitu vile mezani akaenda zake. Nilikasirika naye kana kwamba yupo chumbani.

Hata hilo neno Njia lenyewe lilituzungusha siku nzima. Mimi nilitaka tarika, neno la masufi, kwa kuwa lina heshima yake. Mama mkubwa akakataa. Tarika ina shekhe na ina nyiradi za kusoma, na huyu mtu hana hata kimoja. Nikataka mwenendo. Akasema mwenendo ni wa mwanamke anayesengenywa. Tukaishia njia, njia ya kawaida ya kupita watu na punda, na nilipomweleza mwalimu alisema hata kwao neno ni hilo hilo la kupita watu na punda.

Kigumu zaidi kilikuwa jambo wanalolisifu kuliko yote, la kufanya bila kufanya. Nililiandika kutotenda, likasomeka kama kosa la mtumishi wa serikali. Niliandika utulivu, likawa tangazo la hoteli. Kwa ujinga wangu nikajaribu uvivu.

"Mume wangu hakuwa mvivu hata siku moja!" Mama mkubwa alipandisha sauti hata baba mkubwa akageuka. "Alikuwa akiamka kabla ya muadhini!"

"Si uvivu hasa. Ni kuliacha jambo liende. Hulisukumi, hulivuti. Huingizi mkono pasipotakiwa mkono."

Alifikiri, huku akichambua mchicha. "Basi si ni kutojitia? Mtu unamwambia, usijitie. Mambo yatakwenda."

Niliacha kalamu ikaanguka. Kutojitia. Neno lilikuwa mtaani kwetu miaka yote, tunawatupia wanawake wenye kimbelembele kwenye harusi za watu, na mimi nalitafuta kwenye makamusi. Nilimbusu mama mkubwa kwenye paji la uso, naye akanisukuma akisema mikono yake ina mchanga.

Hapo ndipo tulipopata kiburi, na kiburi kikatupoteza, tena kwa raha zote.

Kwetu sisi, maneno ya kutuliza moyo yaliyotoka kwa mabibi yana vazi lake, nalo ni utenzi. Mama mkubwa ni mwimbishaji wa kasida. Maulidi ya wanawake hayaendi bila sauti yake, na nyumba ya mama yake ilijulikana kwa kughani. Tulipozisoma zile sentensi zangu kavu, alikunja uso.

"Hii haina ladha. Hii ni kama mtu anasoma bei za vyakula. Mume wangu ananisomea kwa mapigo, nami nimjibu kwa mapigo. Tunga."

Nikatunga. Na utenzi, kama ajuavyo kila aliyelelewa pwani, una adabu zake. Hauanzi tu. Unaanza na kumsifu Mola, unaomba wino na karatasi, unamtaka radhi msikilizaji, na mwisho mtunzi anajieleza na kuomba asamehewe makosa. Kuingia moja kwa moja kwenye maneno ni sawa na kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Kwa hiyo yule mwandishi wa kale wa Kichina, ambaye hakumtaja mtu wala kuomba kitu, nilimvika kanzu na kilemba:

*Kwanza naomba Karima*
*anipe yangu kalima*
*nieleze ya kisima*
*na maji yatuliayo.*

Kuanzia hapo mizani ndiyo iliyonitawala. Kisima kilihitaji vina, nikakipa kamba. Kamba ikahitaji mtu wa kuivuta, nikamleta msichana. Msichana hawezi kusimama kisimani peke yake katika utenzi bila nasaha, nikampa nasaha za kutosha mpaka siku ya arusi yake. Mstari uliokuwa na maneno matatu ukawa beti zisizokwisha. Nilikuwa nikiandika huku nacheka kwa furaha. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile.

Alhamisi moja alasiri wanawake walijaa uani. Kulikuwa na kaimati, kahawa ya tangawizi, na matari yaliyokwisha kuoteshwa moto yakalia vizuri. Jirani wa Marafa alikuja na kapu la machungwa, akasema kupiga makofi hakuna dini. Baba mkubwa alikuwa amenyolewa, amevaa kanzu nyeupe, ameketi kwenye kiti chake kilichoegemezwa mto. Mama mkubwa alisimama mbele yake, akaanza.

Aliimba vizuri siku ile kuliko siku zote nilizomsikia. Wanawake walimwitikia hadi kuta zikapokea. Kwenye beti za subira, jirani wa ukuta mmoja, yule wa jini, alilia waziwazi akijifuta kwa leso. Mimi nilikaa pembeni kama bibi arusi, nikingoja kupongezwa, na kweli nilipongezwa.

Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Alitabasamu, tabasamu lile alilokuwa akiwapa wateja wa mkahawani. Aliinamisha kichwa kumshukuru kila mtu. Halafu, kelele zilipotulia, alikigeuza kiti kumwelekea mkewe, akamtazama usoni, akaanza tena mstari wa kwanza kwa ile sauti yake ya chini.

Mama mkubwa aliliweka tari chini.

Wageni walipoondoka nilimkuta jikoni amekaa juu ya kibao cha mbuzi bila kukuna nazi. "Hakuwa akisikia chake," aliniambia. "Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio."

Nami nikapandwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimeumia. Nilisema labda tunajisumbua, labda baba mkubwa ni mgonjwa tu na hajui asemalo, ni kama kanda inayojirudia. Mama mkubwa aliinua macho.

"Usinambie hivyo tena. Mtu anayenitazama vile anajua asemalo. Lete hiyo simu."

Nilimchezea nilichorekodi. Alisikiliza kidogo, akanishika mkono.

"Mbona hapumui?"

Nikamweleza kwamba nilikuwa nimekata vimya vyote. Ndivyo tunavyofanya kazini: kimya hakitafsiriki, kinamchosha msikilizaji tu, basi unakiondoa maneno yakashikana. Nilijivuna hata kidogo nikimweleza.

"Ulichokata kipo?"

Kilikuwepo. Tukakaa sote wawili pale jikoni, vichwa vyetu vimeegemeana juu ya simu, tukasikiliza kama baba mkubwa alivyosoma. Mstari. Kimya kirefu. Mstari ule ule. Kimya kirefu zaidi, na ndani yake unasikia kuku wa jirani. Mstari wa pili, kwa unyonge. Kimya. Kisha mwanzo.

Mama mkubwa hakuhitaji kusikia mara ya pili.

"Anangoja," alisema. "Mimi nikiimbisha, na waitikiaji wangu wamesinzia, hivi hivi ndivyo ninavyonyamaza. Namngoja mtu adake. Asipodaka narudia. Mume wangu anaimbisha, na hakuna anayemwitikia."

Nilibishana naye, maana kubisha ndiko kulikonilea. Nilisema ni kiharusi, ulimi unachoka. Lakini nilimpigia mwalimu. Nilipomuuliza kama andiko lile lina kiitikio, alisema, "Kwani sikukwambia?"

Hakuniambia kwa sababu kwao hakuna asiyejua, kama vile mimi nisingemweleza mgeni kwamba hodi hujibiwa karibu. Akaeleza kwamba andiko lile halijawahi kuwa na kitabu cha tafsiri. Bibi husema mstari, akanyamaza. Mtoto hulazimika kumjibu kwa jambo aliloliona yeye mwenyewe kwa macho yake, kwa maneno yake mwenyewe, linalofanana na mstari. Hiyo ndiyo tafsiri, na kila nyumba ina yake. Jibu likiwa la kukariri au la kujipendekeza, bibi hutikisa kichwa akarudia. Likiwa la kweli, huendelea mbele. Kuna watoto, alisema, waliokaa kwenye mstari mmoja mwezi mzima.

Nilikata simu nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kicheko. Miezi yote ile mtu wa watu anamwuliza mkewe swali lile lile, anapewa maji, anafungiwa mlango, na mwishowe anapigiwa matari. Hakupaza sauti hata mara moja. Alirudi mwanzo tu, akamtazama, akangoja.

Utenzi wangu niliukunja nikauweka. Niseme kwamba haukufa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuushika, na hadi leo unaimbwa kwenye sherehe za Malindi mpaka Mambrui, na kule kwingine wameongeza beti zao. Nikarudi kwenye mistari, nikaitafsiri upya kwa ufupi kadiri nilivyoweza, kisima hakimfuati mwenye ndoo, basi, na nilipoona mkono wangu unataka kuongeza kamba niliondoka mezani nikaenda kuosha vyombo.

Alasiri iliyofuata tulikaa watatu uani. Baba mkubwa akasema mstari wa kisima. Nikamnong'oneza mama mkubwa kwa Kiswahili. Akajikohoza, akajiweka sawa kama anayeitwa mbele ya darasa, akasema, "Subira huvuta heri."

Baba mkubwa akatikisa kichwa, akarudia mstari.

"Methali hataki," nilimwambia. "Uliyoyaona wewe."

"Mtihani gani huu na uzee huu!" Lakini alikuwa anatabasamu. Akafikiri. Kisha akamwambia mumewe, kwa Kiswahili, habari za mdogo wake wa kike. Wachumba walipokuwa hawaji, mama yao alimtembeza kila harusi, Malindi hadi Lamu, asitazamwe. Siku waliyochoka wakakaa nyumbani, mtu akaja mwenyewe kuuliza kama hapa ndipo wanaposhona kofia. Nilitaka kumtafsiria baba mkubwa kwa Kichina, lakini mama mkubwa alinizuia kwa kiganja. Baba mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, akimsikiliza. Sijui alishika nini. Labda hakushika maneno. Labda alishika tu kwamba mkewe anasimulia jambo lililotokea, kwa sauti ile anayosimulia mambo yaliyotokea.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema mstari wa pili, akaendelea mbele.

Mama mkubwa alinishika goti kwa nguvu hata kucha zikaniingia. Tangu siku ile hatukukosa alasiri hata moja. Mistari mingine ilipita upesi. Katika mingine tulikwama, na mama mkubwa alilala na mstari, akaamka nao, akanifuata hadi sokoni kuniuliza kama habari ya paka wa jirani inafaa. Jirani wa Marafa naye alikuja kusikiliza, akatoa jibu lake mwenyewe kuhusu mihogo aliyoifukua mapema kuangalia kama imekua. Baba mkubwa alilikubali papo hapo, na mama mkubwa akanuna, maana yeye alikuwa amekwama pale siku kadhaa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kambini kwa saruji.

Hivyo tukafika kwenye mstari wa chungu. Maana yake, kwa kadiri nilivyoweza kuipata, ni kwamba kilicho motoni kinaujua wakati wake, na mkono ukae mbali. Nilimnong'oneza. Mama mkubwa akacheka kabla sijamaliza.

"Huu wa kutojitia! Huu n'nao, sihitaji hata kufikiri." Akamgeukia mumewe, akamwekea mkono juu ya paja. "Unakumbuka pilau yako ya kwanza? Tumeoana juzi juzi, ndugu zangu wote wamekuja kutazama kama Mchina anaweza kupika pilau. Ukatia makaa juu ya kifuniko, ukatufukuza jikoni, ukasema mtu asiguse. Ukajifanya bingwa. Tukapakua, wali wote una kiini, ndugu zangu wanatafuna kama karanga, mimi uso sina pa kuuweka. Mpaka leo wanatucheka. Basi hilo ndilo jibu langu. Uliuacha motoni, hukujitia, na haukuiva!"

Akacheka peke yake, akijipangusa macho kwa pembe ya leso. Mimi nilijua hadithi ile; ukoo mzima unaijua, na baba mkubwa kila akitaniwa nayo alikuwa akitabasamu tu, akaongeza chai. Nilingoja atikise kichwa au aitikie.

Hakufanya hata kimoja. Alikuwa anamtazama mkewe, na midomo yake ilikuwa inatafuta kitu. Ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka.

"Wewe," akasema. "Wewe ulifunua."

Nilimwinamia mama mkubwa nimtafsirie, kwa mazoea tu, kinywa changu kikiwa wazi, ndipo nilipoona kwamba hapakuwa na cha kutafsiri.

Uso wote wa mama mkubwa uliloa, na katikati ya machozi kicheko kikamtoka, cha msichana aliyefumaniwa.

"Nilifunua," alimwambia. "Wallahi nilifunua, mume wangu. Mara mbili."

"Tatu," akasema baba mkubwa.